Gofu ya kwenye kompyuta haishushi sukari

Wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana kliniki yangu ilipata mgonjwa mpya, mhasibu wa miaka 46. Alikuwa na kisukari aina ya pili kwa miaka minne, na presha nayo ilikuwa imeanza kumnyemelea. Nilimwambia ninachowaambia wote: dawa umeze kwa wakati, wanga upungue kwenye sahani, na mwili utikisike. Aliporudi baada ya miezi mitatu nikamuuliza, "Mazoezi vipi, kaka?" Akajibu bila kusita, "Daktari, kila jioni nacheza gofu. Mashimo 18, sikosi."

Nilifurahi. Nikaandika kwenye faili lake kwamba mazoezi yanakwenda vizuri. Majibu ya maabara yakasema mengine. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 8.4 hadi 8.7, na kiuno kimeongezeka sentimita tatu. Nikawaza kwamba kama mtu anatembea hivyo kila siku na sukari bado inapanda, basi dawa haitoshi. Nikamwongezea dawa ya pili.

Miezi mitatu mingine ikapita, hali ikawa ile ile. Siku hiyo alisindikizwa na mkewe. Niliposema habari ya gofu, mama wa watu akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Gofu gani, daktari? Anakaa kwenye kochi na pedi ya gemu mpaka saa sita usiku."

Yule bwana hakunidanganya. Kwake yeye ile ni gofu. Mwenye kosa ni mimi niliyeuliza swali moja na kuacha la pili: unachezea wapi, na unatoka jasho? Kwa swali hilo moja ambalo sikuliuliza, mtu alimeza dawa ya ziada kwa miezi mitatu.

Alitoa simu akanionyesha uwanja anaoupenda. Unaitwa Augusta National, uko jimbo la Georgia, Marekani, na ndiko yanakofanyika mashindano ya Masters kila mwaka. Zamani ardhi ile ilikuwa bustani ya kuotesha miche, na hadi leo kila shimo lina jina la mti au ua: Magnolia, Azalea, Juniper, Camellia. Misonobari mirefu imesimama pande zote mbili za njia za nyasi. Kwa macho tu, ni mahali pa kumtuliza mtu.

Nikataka kujua uwanja wa kweli unaingiaje kwenye kompyuta. Toleo la gemu ya Tiger Woods lililotoka mwaka 2011 ndilo la kwanza katika mfululizo huo kuwa na Augusta ndani yake. Watengenezaji waliupima uwanja kwa miale ya leza. Chombo hutupa mwale, mwale ukigonga ardhi hurudi, na muda uliotumika huonyesha umbali. Ukirudia mara nyingi mno unapata wingu la nukta zenye urefu na kimo, na kutoka hapo kila tuta na kila bonde dogo la nyasi hujengwa upya. Kisha hupandwa miti ya kuchora, mmoja mmoja. Siku hizi hata vijana wasiolipwa na mtu hufanya kazi hiyo majumbani. Marekani na Uingereza hutoa bure vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kwa ndege, nao huvitumia kujenga viwanja vya kwao.

Si kazi ya kubeza. Wanaijenga kwa uaminifu kiasi kwamba nakala inaishi kuliko chenyewe. Kwenye shimo la 17 pale Augusta palikuwa na msonobari maarufu uliopewa jina la Rais Eisenhower, kwa sababu mipira yake ilikuwa inaugonga mara kwa mara. Dhoruba ya barafu ya Februari 2014 iliuharibu, ukakatwa. Lakini anayecheza gemu la mwaka 2011 bado anaukuta umesimama. Msitu wa kwenye kioo hauzeeki. Anayezeeka ni mtu aliyekaa mbele ya kioo.

Hapa ndipo udaktari unapoingia. Shimo la 10 la Augusta huteremka takriban mita 30 kutoka panapoanzia mpira hadi kwenye shimo, sawa na kushuka jengo la ghorofa kumi. Waliozoea kuuona uwanja huo kwenye televisheni hushangaa wanapofika, kwa kuwa picha huvifanya vilima vionekane tambarare. Gemu linaupima mteremko ule vizuri kabisa, lakini linaupimia mpira. Mpira ndio unaopanda na kushuka. Paja lako, moyo wako na mapafu yako havina habari.

Na sukari hushuka kupitia misuli. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, tena una njia ya kufanya hivyo hata pale insulini inapofanya kazi kwa shida. Faida ya matembezi ya leo inaweza kudumu saa 24 au zaidi, kisha inafifia. Ndiyo maana tunamshauri mwenye kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kidole gumba kinachobonyeza pedi kina misuli midogo mno kwa kazi hiyo.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba mmoja wa waliouchora uwanja ule alikuwa daktari. Alister MacKenzie alisomea tiba Cambridge, akawa daktari wa upasuaji katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kisha akaacha tiba na kuwa mchoraji wa viwanja vya gofu. Augusta aliichora pamoja na mchezaji Bobby Jones. Alifariki Januari 1934, miezi miwili hivi kabla ya mashindano ya kwanza kufanyika hapo. MacKenzie aliamini kwamba uwanja mzuri wa kutembea hupunguza wagonjwa mlangoni kwa daktari kuliko chupa za dawa. Vilima vile, kwa mtu kama yeye, vilikuwa sehemu ya tiba. Gemu limenakili kila kitu isipokuwa tiba yenyewe.

Utafiti haumpingi. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kufuatilia wachezaji gofu zaidi ya 300,000. Vifo vyao vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko vya watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha inayofanana. Hiyo haithibitishi kwamba ni gofu peke yake iliyowakinga, kwa sababu huenda wenye afya ndio wanaoweza kucheza. Lakini anayecheza mashimo 18 kwa miguu hutembea kilomita kadhaa kwenye hewa safi, na hilo tunajua linasaidia.

Sitaki msomaji adhani nayachukia magemu. Yapo ya kuchezwa kwa kutikisa mwili, na tumeyajaribu hata kwa wagonjwa wa kiharusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa wagonjwa 141 wa kiharusi: wengine walifanyia mkono mazoezi kwa gemu la aina hiyo, wengine kwa karata na michezo mingine ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. Kilichosaidia ni mkono kutumika. Kwa hiyo yule babu anayecheza bao barazani hajaachwa nyuma na teknolojia.

Nilipomweleza mgonjwa wangu haya yote, akanisikiliza kwa adabu, kisha akanipa jibu ambalo sikuwa na la kulijibu. "Daktari, gofu ya kweli ni ya wenye nazo. Na mtaani kwetu nitembee wapi? Njia ya miguu hakuna, bodaboda zinakupita ubavuni, na kiwanja tulichochezea mpira utotoni sasa ni fremu za maduka."

Ana haki. Sisi madaktari tunasema "fanya mazoezi" kana kwamba kila nyumba ina bustani mbele. Kule kwa wenzetu watu wanaupima msitu wa kuchezea hadi tuta la mwisho la nyasi. Huku kwetu ni mitaa mingapi ina viwanja vya wazi ambavyo hakuna aliyevipima, wala kuviwekea alama, mpaka siku vinapozungushiwa mabati? Mimi nasema wazi: kiwanja cha wazi na njia ya miguu ni huduma ya afya, sawa na zahanati. Diwani anayeruhusu kiwanja kigeuzwe maduka anaongeza foleni kliniki kwangu. Mwenyekiti wa mtaa anapoitisha mkutano, uliza habari ya kiwanja kama unavyouliza habari ya maji.

Lakini sukari haisubiri mkutano. Kwa hiyo tulikaa mimi, yeye na mkewe, tukachukua kile anachokipenda na kukishusha chini. Augusta nzima ina karibu kilomita saba. Mashimo tisa ya kwanza ni kama kilomita tatu na nusu. Shimo la kwanza lina mita 400 na kidogo: akapima kwa simu, ikawa kutoka getini kwake hadi msikitini. Shimo la tatu, mita 320 hivi: msikitini hadi kwa fundi cherehani. Akaendelea hivyo, kwa vichochoro ambavyo bodaboda hazikimbii, mpaka yakatimia tisa. Shimo la 12, lenye mita 140 hivi, ameliweka akiba kwa siku za mvua: ni kwenda na kurudi mara kadhaa kwenye veranda ndefu ya ofisini kwao.

Kutembea mashimo tisa kunamchukua dakika 40. Siku tano kwa wiki ni dakika 200, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Sharti aliwekewa na mkewe, si mimi: shimo ambalo hajalitembea jioni, usiku halichezi.

Baada ya miezi minne kipimo kilikuwa asilimia 7.5, na ile dawa niliyomwongezea nimeiondoa. Sitasema ni miguu peke yake, maana ugali wa usiku nao umepungua, na sasa analala mapema zaidi. Gemu bado anacheza.

Kabla hujaanza na wewe, zingatia haya. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari mno, kama glibenclamide, tembea na pipi au glukosi mfukoni. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na ukirudi kagua nyayo zako, hasa kama zina ganzi. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kuliko kawaida, simama na uende hospitali. Na dawa usiiache wala usiipunguze mwenyewe kwa sababu umeanza kutembea. Hiyo ni kazi ya kufanya pamoja na daktari wako.

Na ukiingia kwa daktari akakuuliza habari ya mazoezi, usimpe jina la mchezo. Mwambie umefanya nini, wapi, kwa dakika ngapi, na kama ulitoka jasho. Asipokuuliza hayo, mwambie hata hivyo. Mimi sikuuliza, na faili la mtu likaandikwa uongo kwa kalamu yangu mwenyewe.