MTINI ULIPEWA MWAKA MMOJA



Ile biashara uliyoanzisha, watu waagize mboga kwa simu, sasa inakulemea. Wateja wamepungua. Vijana wawili uliowaandika unawalipa kwa mkopo wa simu, na karo ya mtoto imeshaingia humo. Unaniuliza, "Pasta, niendelee au nifunge?"

Soma Luka 13:6-9. Mtini ulikaa miaka mitatu bila tunda. Mtunza shamba hakusema wangoje tu kwa imani. Aliomba mwaka mmoja, achimbe kuuzunguka na kutia samadi. Usipozaa, ukatwe.

Mwaka ule ulikuwa na kazi, na ulikuwa na mwisho.

Kwa hivyo, leo keti na mke wako au mume wako, mchague tarehe. Kabla ifike, badilisha kitu: bei, bidhaa, au mahali unapouzia. Ikifika na hakuna tunda, funga. Walipe wale vijana kwanza. Usikope tena kumwagilia mti uliokauka.

Kufunga biashara si kumkana Mungu. Alikuita wewe, hakuita biashara.

Nakuombea. Barikiwa.