FALSAFA KWA WACHIMBAJI? MIMI NASEMA NDIYO

Wadau, nikisema vyuo vya maendeleo ya wananchi vifundishe falsafa, maadili na dini za dunia, washkaji wanacheka. Mchimba dhahabu na falsafa wapi na wapi?

Ngoja kwanza. Vyuo hivi vilianza 1975, enzi za Mwalimu, kwa kuiga Sweden. Shinyanga tunacho cha Buhangija. Kijana anatoka na fundi wake mkononi, safi, huyoo Geita machimboni. Huko mganga anamwambia kiungo cha mwenye ualbino kinavuta dhahabu. Nani alishamfundisha kuuliza "umejuaje?"

Sisi tulioishia kidato cha nne falsafa hatukuigusa, ilikuwa kwenye GS ya kidato cha tano na sita. Dini tulisoma, ila kila mtu ya kwake. Na wapo wanaotoka ibadani mchana, usiku wako kwa mganga (tunawajua).

Serikali imejaribu. Septemba 2009 Mahakama Kuu Kahama iliwahukumu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Januari 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku. Sawa, lakini duara likigoma kutoa, mteja atarudi kwa nani? Bibi zetu nao wanakatwa mapanga kwa macho mekundu, kumbe ni moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote!

Saa moja kwa wiki inatosha kuanzia. Mwalimu aulize: mganga ametabiri maduara mangapi, mangapi yametoka patupu? Wahesabu wenyewe darasani.

Nawasilisha.