Nyasi zetu si magugu

Asafiriye kutoka Embu hadi Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu huziona kingo za matuta mashambani zimepandwa nyasi ndefu ya nepia. Akiingia katika uwanja wa shule, aghalabu hukuta kinyume: udongo mtupu uliofagiwa, na maua ya kigeni yaliyozungushiwa mawe yenye chokaa. Nyasi ya asili ikichomoza, mwanafunzi aliyechelewa huadhibiwa kwa kuing'oa. Mvua ikija, udongo huteremka nayo.

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo nitaanza na majina. Nepia ni nyasi ya Afrika, lakini inabeba jina la Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeipigia debe mwaka wa 1909. Nyingine ya malisho, ambayo pia ni yetu, inaitwa kwa jina la Cecil Rhodes. Ile itambaayo ya nyanda zetu za juu, inayojulikana ulimwenguni kama nyasi ya Kikuyu, hufunika viwanja vya michezo hadi Australia. Wazee wa Imenti, Tharaka na Mbeere wana majina yao wenyewe, na ndani ya kila jina mna maarifa: ipi ya kuezekea, ipi ya ndama, ipi huvumilia kiangazi. Sioni ni kwa nini mwalimu wa lugha asiwatume wanafunzi wake kuyakusanya na kuyaandika majina hayo, wazee wangalipo.

Bustani yenyewe haihitaji fedha. Katika nyanda kavu za Mbeere huota nyasi ambayo wanabotania huiita Themeda triandra. Husimama kwa mashina, na ikikomaa hugeuka rangi ya kutu inayopendeza kuliko maua mengi ya kununua. Chimba shina moja, uligawe pamoja na mizizi yake, upande vipande kwa nafasi ya hatua moja, ukivipanga kukingama mteremko. Mwagilia hadi vishike. Baadaye kazi ni kukata majani makavu kabla ya mvua, basi.

Lakini tuchague kwa makini. Sangari na hiyo nyasi ya Kikuyu hutambaa na kuyameza maua; mahali pao ni uwanja wa mpira. Katika kitalu tupande zile za mashina tu.

Mvua za vuli huanza Oktoba, muhula wa tatu ukiwa ungali unaendelea.