Hesabu za Michanganyiko: Ni Kitu Gani Kisichobadilika?

Wanafunzi wengi wa sekondari huzichukia hesabu za michanganyiko, nami naona kosa si lao. Tumewazoesha kukariri kanuni kabla hawajajiuliza swali moja: katika mchanganyiko huu, ni kitu gani kisichobadilika?

Tuchukue mfano wa kitakasa mikono, ambacho tangu mwaka 2020 hakihitaji kuelezwa. Katika maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kuna aina yenye ethanoli asilimia 80 ya ujazo. Twataka lita 10, na spiriti tuliyo nayo ni ya asilimia 96. Nimepata kuwauliza hivyo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Wengi hujibu, pasi na kusita, kwamba zatakiwa lita 8. Wamesahau kuwa spiriti yenyewe ina maji. Lita 8 hizo zina lita 7.68 tu za ethanoli.

Anayetafuta kisichobadilika hakosei. Ethanoli haizaliwi wala haipotei tunapochanganya. Ile iliyomo katika spiriti ndiyo itakayokuwamo katika kitakasa. Basi spiriti na iwe mililita x:

0.96x = 0.80 × 10,000

Kwa hiyo x ni 8,333, na ndicho kipimo hasa kilichomo katika maelekezo yale.

Mwalimu mwenye haraka huendelea kwa kutoa: 10,000 − 8,333, yaani "ongeza mililita 1,667 za maji". Hapo ndipo tunapoachana. Ujazo, tofauti na uzito, haujumlishiki daima. Changanya mililita 50 za ethanoli na 50 za maji: hupati 100, bali takriban 96 au 97, kwa kuwa molekuli zake huvutana na kukaribiana zaidi. Mimi mwenyewe nililitambua hilo ughaibuni, nikiwa tayari na shahada ya kwanza, nilipodhani silinda yangu inavuja! Maelekezo ya kitakasa, baada ya kutiwa haidrojeni peroksaidi na glisirini kidogo, hayataji kiasi cha maji. Husema tu jaza maji hadi alama ya lita 10.

Walimu wenzangu wasio na maabara waweza kuanza na kikombe cha maharage na kikombe cha mchanga mkavu. Vichanganywe, vipimwe mbele ya darasa, kisha ndipo x iandikwe ubaoni.