Darasa la Mtandao Lisigeuzwe Ghala la Maandishi

Mwalimu wa leo anayo zana ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo, nayo ni mfumo wa kompyuta wa kusimamia ujifunzaji. Huu ni mkusanyiko wa programu unaomwezesha mwalimu kuandaa somo, kulifikisha kwa wanafunzi walio mbali, kupokea kazi zao, kuzisahihisha na kutunza kumbukumbu za maendeleo ya kila mmoja. Mashuhuri miongoni mwa mifumo hiyo ni Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Haiuzwi, na kila chuo chaweza kuirekebisha kulingana na mahitaji yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vilivyoitumia. Nayo Taasisi ya Elimu Tanzania inao mfumo wake, ambamo walimu wa shule hujisomea Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA.

Zana hizi zinazidi kusogea kuelekea shule za sekondari. Kwa hiyo yafaa tujiulize mapema zitatumikaje zitakapofika mahali kama Makere, katika barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, ambako mwalimu mmoja wa fizikia huenda akawa na mikondo mingi ya kufundisha, na intaneti haitegemeki siku zote.

Vyombo vilivyomo ndani ya mfumo wa namna hii vyaweza kugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vyombo vya kutolea: kurasa za maandishi, picha, video na mafaili ya kupakua. Fungu la pili ni la vyombo vya kurudishia: jaribio linalosahihishwa na kompyuta, sanduku la kukusanyia mazoezi, jukwaa la majadiliano, jedwali linalojazwa na wanafunzi wote, na daftari la alama. Aghalabu mwalimu anayeanza hushika fungu la kwanza tu. Huweka humo nukuu zake zote za mwaka, kisha akadhani amekwisha kufundisha. Maoni yangu ni kwamba kazi ya namna hiyo ni ghala, wala si darasa. Mahali ambapo walimu ni wachache, fungu la pili ndilo lenye thamani, nalo ndilo la kuanza nalo.

Historia ya taifa letu yatufundisha jambo hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa njia ya redio. Hata hivyo redio haikuachwa peke yake. Wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Vivyo hivyo, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipohitaji walimu wengi kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu ya vijana walifunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia. Barua iliyokwenda ilipaswa kurudi na majibu, na majibu yalipaswa kusahihishwa. Huo ndio uti wa mgongo wa elimu ya masafa, iwe kwa karatasi au kwa kompyuta.

Mfano ulio kinyume ni ule wa mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwanafunzi aliyekosea kutatua mlinganyo mbele ya redio hakuwa na mtu wa kumwambia amekosea wapi, wala mtangazaji hakuweza kujua ni wangapi wameachwa nyuma.

Sasa tutazame jinsi vyombo vya kurudishia vinavyofanya kazi. Tuchukue mada ya kuchemka kwa maji. Mwalimu aandike katika jaribio swali moja: je, katika nyanda za juu za Kasulu, penye mwinuko wa mita 1,250 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, zaidi ya hapo, au chini ya hapo? Mwanafunzi atakayechagua nyuzi 100 amekariri kitabu. Mfumo humwezesha mwalimu kumwandalia papo hapo jibu lake mahususi: "Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Fikiri juu ya kanieneo ya hewa." Atakayesema zaidi ya nyuzi 100 atapewa maelezo mengine, kwa kuwa kosa lake ni jingine. Hivyo kila kosa linapata mwalimu wake, hata kama mwalimu mwenyewe yuko katika mkondo mwingine.

Kisha lifuate jedwali la pamoja. Wanafunzi wa Makere wachemshe maji na kupima kwa kipimajoto, na wenzao wa Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, penye mwinuko wa mita 770 hivi, wafanye vilevile. Kwa kuwa kiwango cha mchemko hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda, ziwani watapata karibu nyuzi 97 na nusu, na nyanda za juu karibu nyuzi 96. Vipimo vikitofautiana na hesabu, wajadiliane katika jukwaa: je, kipimajoto kina hitilafu, au kiligusa kitako cha sufuria? Hapo ndipo sayansi inapofundishwa kwa kweli, na hakuna faili la nukuu liwezalo kuleta mjadala huo.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo yote ni ya shule za mijini zenye umeme na intaneti. Hoja hiyo ina uzito, lakini nguvu yake inapungua. Tangu mwaka 2022 Kasulu na Kibondo zimeanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huohuo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa vilielekezwa kwa walimu. Kuhusu intaneti, upo mfumo uitwao Kolibri ambao ulibuniwa makusudi kwa mahali pasipokuwa na mtandao. Masomo hupakiwa mara moja mjini, hubebwa katika diski, kisha kompyuta moja ya shule huwa seva inayohudumia nyingine zote zilizomo chumbani bila intaneti yoyote. Mwalimu huona humo ni nani amefaulu zoezi na ni nani amekwama. Moodle nayo, mwalimu akiruhusu, humwezesha mwanafunzi kufanya jaribio bila mtandao na kupeleka majibu baadaye. Hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 karibu na Makere, mpango wa UNHCR na Vodafone Foundation ulifikisha vyumba vya kujifunzia kwa vishikwambi. Na kwa kuwa shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, chumba kimoja cha kompyuta za pamoja ndicho chenye kufaa zaidi.

Hoja ya pili ni muda. Ni kweli kwamba kutunga jaribio zuri lenye maelezo kwa kila kosa huchukua saa nyingi kuliko kupakia faili. Lakini maswali hayo hutunzwa katika hazina ya maswali, yakatumika mwaka hata mwaka, na shule jirani zaweza kugawana. Walimu watatu wa fizikia, wa Kasulu, Makere na Kibondo, kila mmoja akitunga maswali ya mada mbili kwa muhula, watakuwa na hazina ya mada sita.

Basi nawashauri walimu waanze na mada moja tu, ile ambayo wanafunzi hukosea kila mwaka. Waweke kurasa mbili za maandishi, jaribio la maswali kumi yenye maelezo, na zoezi moja la vitendo ambalo mwalimu atalisoma mwenyewe na kulirudisha katika muda wa juma moja. Wakuu wa shule nao, wanapokagua kazi hizo, wasihesabu mafaili yaliyopakiwa. Waulize ni majibu mangapi ya wanafunzi yaliyorudishwa yakiwa na maelezo. Nanyi wanafunzi, msiridhike na kupakua nukuu. Daini kusahihishwa, kwa maana mtoto wa Makere hana upungufu wa akili. Anachopungukiwa ni mtu wa kumwonyesha kosa lake kabla halijamfuata katika chumba cha mtihani.