Sisi Waandishi wa Desemba

Ndugu zangu wa kalamu, leo sina hadithi. Leo nina ugomvi, na wa kwanza kugombana naye ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi nikaisoma mbele ya wenzangu, Sinza, kwenye kibaraza cha mshikaji mmoja tulikokuwa tukikutana kila Jumamosi. Ilianza na kijiji kimoja kilichokuwa chini ya mlima mrefu, na bibi mmoja aliyeishi humo. Jamaa wakapiga makofi. Mmoja akasema imemkumbusha kwao Songea, mwingine akasema imemkumbusha kwao Musoma. Nikavimba kichwa. Nikajiona nimeandika jambo la watu wote.

Desemba ile nikapanda basi la Moshi kama Wachaga wote. Kiboriloni nikadandia gari la kupanda Old Moshi, nikafika Kidia kwa bibi yangu. Jioni, tukisubiri ndizi ziive, nikamsomea hadithi yangu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichochea moto. Kisha akauliza:

"Hicho kijiji ni cha wapi?"

Nikamwambia, bibi, ni hapa hapa.

"Hapa pana jina. Na huyo bibi ni wa ukoo gani? Anachota maji ya mfongo gani?"

Sikuwa na jibu. Basi nikajikinga kwa usomi. Nikamweleza kwamba katika fasihi, mahali pasipo na jina huwa pa kila mtu. Akanitazama kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mtu asiye na kwao ndiye anayesema kwao ni kila mahali." Halafu akaniambia ndizi zimeiva.

Bibi yangu ameshafariki. Nimebaki na maswali yake, na nimegundua hayakuwa yangu peke yangu. Ni yetu sote tunaojiita waandishi vijana. Sisi ni waandishi wa Desemba. Tunapanda mlima siku kumi, tunakula mtori, tunakunywa mbege ya wakwe za shangazi, tunapiga picha mgombani, tunashuka. Januari tunaandika "kijiji".

Na kijiji chenyewe tunachoandika, jamani, mnakijua. Jogoo anawika. Mto unatiririka. Bibi anacheka hana meno. Kijana anaondoka kwenda mjini, mji unamharibu, anarudi amechoka, bibi anampokea. Ukikichoka hicho kuna cha pili: wachawi, ulevi, binti anaozeshwa kwa nguvu, mwalimu kutoka mjini anawafumbua macho. Cha kwanza ni pepo, cha pili ni jehanamu. Vyote viwili havina barabara, havina mwaka, havina jina la mtu aliyewahi kuishi.

Sasa niwaulize. Kijiji changu ni pepo ipi?

Wenyeji tangu zamani walipaita Mochi, na lugha yao ni Kimochi hadi leo. Mangi Rindi, ambaye wazungu walizoea kumwita Mandara, alitawala hapo, akapokea wageni na kuwapima kama wao walivyompima. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wajumbe wake walifika mpaka Berlin. Mimi nilipopata safari yangu ya kwanza ya Ulaya nilijiona nimekata utepe. Kumbe watu wa kilima chetu walishakwenda karne nzima kabla yangu, na walikwenda kama wajumbe wa mtawala, hawakwenda kuomba ufadhili wa warsha.

Rindi alikufa mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli. Juni 1892 watu wa Meli waliwapiga Wajerumani vitani, na kiongozi wao, von Bülow, akafa. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli mtini, hapo hapo kwake, pamoja na wakuu wengine, akiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Wazee husimulia kwamba hakukata roho upesi. Husimulia pia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Kisha jina nalo likachukuliwa. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare, na kufikia mwaka 1912 ilikuwa imeshafika, mji mpya ulikua pale chini kwenye stesheni, ukapewa jina la kule juu. Wajerumani wakasema Alt-Moschi na Neu-Moschi, ya zamani na mpya. Waingereza wakaja, wakatafsiri nusu. Mpya ikawa Moshi tu, mwenye jina akabaki Old Moshi. Angalieni vizuri mambo haya. Mtoto amezaliwa jana, amechukua jina la baba, halafu baba anaitwa Mzee Fulani wa Zamani ili asichanganywe na mwanawe! Na sisi tunalitamka hilo neno la Kiingereza kila siku ndani ya daladala, "Old Moshi, Old Moshi, wawili tu," wala hatushtuki.

Hiki ndicho kijiji tunachokiita "kijiji kimoja". Mnataka kisa? Kipo. Mnataka vita, usaliti, msiba, safari, swali lisilo na jibu? Vyote vipo mwendo mfupi kutoka Kiboriloni.

Mtu ataniambia, lakini hayo yameshaandikwa. Kweli, yameandikwa. Ngoja niwatajie walioandika, ndipo aibu itukolee vizuri. Mwaka 1924 Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake. Mwaka 1964 Kathleen Stahl akatoa historia nene ya Wachaga. Na katikati yao yupo mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri, aliyeishi Old Moshi kwa vipindi viwili mpaka mwaka 1938. Huyo aliandika sheria za Wachaga, kitabu kikubwa cha mwaka 1926, na mafundisho waliyopewa vijana, majuzuu matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Yote kwa Kijerumani.

Simlaumu Gutmann. Aliketi na wazee, akauliza, akasikiliza, akaandika. Alifanya kazi ambayo mimi sikuifanya kwa bibi yangu mwenyewe, niliyelala chumba kimoja naye. Lakini fikirini: maneno yalitoka vinywani mwa mababu zetu pale Kidia, yakaenda kukaa kwenye maktaba za Ujerumani, na leo kijana wa Kidia akitaka kujua babu yake aliambiwa nini alipokuwa anaingia utu uzima, ajifunze kwanza Kijerumani. Hakuna aliyetufunga mikono miaka yote hiyo. Kalamu tulikuwa nazo. Tulikuwa tunaandika jogoo.

Na habari ya kichwa cha Meli? Mjukuu wake alihangaika miaka mingi akikidai. Machi 2019 ukumbusho wenye sanamu ya Meli uliwekwa Old Moshi, na maonyesho juu ya maisha yake yakaandaliwa na wasanii wa Berlin wakishirikiana na watu wa hapa. Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kati ya mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochunguzwa, matatu yamelingana kwa vipimo vya vinasaba na familia zilizo hai Tanzania. Mojawapo ni la kizazi cha Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo.

Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya. Watu wapo, majina yapo, ukoo mmoja umepata jibu na mwingine bado unangoja. Riwaya ya Kiswahili iko wapi? Tamthilia iko wapi? Mwandishi kijana wa Moshi wiki ile alikuwa anaandika nini? Msinijibu. Mimi nilikuwa naandika hadithi ya mpelelezi huko Manhattan, ambako sijawahi kutia mguu.

Sasa nisikilize pingamizi, maana najua zinakuja.

La kwanza: huo ni ukabila. Tumelelewa vizuri katika nchi hii kuuogopa ukabila, na mimi nashukuru. Lakini kutaja jina la kijiji siyo kukipigia kura. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 alitupeleka Ukerewe, akatutajia Namagondo, kijiji chake cha kuzaliwa. Nani alimwita mkabila? Tuliisoma wote, Wamakonde na Wapare, tukalia wote. Ukabila ni kusema kwetu ni bora kuliko kwenu. Kusema kwetu kuna mfongo uliokauka, na ndugu waliofikishana kwenye baraza la ardhi kwa sababu ya kipande cha kihamba, ni ukweli tu.

La pili: msomaji wa Mtwara hatajua mfongo ni nini. Basi mwambie! Mfongo ni mfereji uliochimbwa na watu kwa jembe na macho, unaanzia mtoni huko juu, unapita ubavuni mwa mlima ukishika mteremko mdogo sana ili maji yasikimbie wala yasisimame, unafika vihambani kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake ya maji na siku yake ya kwenda kuusafisha, na asiyekwenda hutozwa. Umeona? Mistari mitatu tu, na tayari kuna uhandisi, kuna sheria, na kuna ugomvi wa kutosha hadithi nzima. Msomaji huyo huyo tunamsomesha habari za barafu na treni za chini ya ardhi, anaelewa. Mfongo ndio utamshinda? Gabriel García Márquez alitoka mji mdogo wa Aracataca, Kolombia, akautia kwenye vitabu dunia nzima ikausoma. Hakungoja Aracataca iwe Paris kwanza.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: kijijini hakuna jipya. Anayesema hivi hajapanda tangu Desemba. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Katika miaka ya 90 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia. Baba zetu walisomeshwa kwa kahawa, sisi tumewaona waking'oa mibuni kwa mikono yao wenyewe. Mwanaume anang'oa mti uliomlipia ada. Hilo si jipya? Kihamba alichokatiwa babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka sasa mtu akijenga choo amemaliza shamba. Isale bado imesimama mpakani, lakini ndugu hawasalimiani juu yake. Na makaburi ya wazee yamo humo humo mgombani, kwa hiyo ukiuza kihamba unauza na waliolala. Nendeni mkaangalie kama hakuna jipya.

Ninachotaka basi ni nini? Nataka mambo matatu, na si mazito.

Mosi, gazeti letu hili lisipokee tena hadithi yenye "kijiji kimoja" isipokuwa mwandishi atuambie ni kwa nini amekinyima jina. Kama ana sababu, sawa. Kama ni uvivu, arudishiwe karatasi zake.

Pili, kila mmoja wetu aende kwao mwezi ambao si Desemba. Aende Aprili, wakati wa mvua, barabara ikiwa tope na hakuna ndugu wa mjini wala nyama choma. Kijiji cha Aprili ndicho kijiji.

Tatu, akae na mzee mmoja, amuulize maswali ya bibi yangu: hapa panaitwaje, huu ni ukoo gani, maji haya ni ya mfongo gani. Aandike jibu kwa lugha aliyojibiwa, halafu aandike kwa Kiswahili.

Mimi nimeanza, nimechelewa. Aprili iliyopita nilipanda. Mfongo uliokuwa ukipita nyuma ya nyumba ya bibi haupo tena, kuna bomba la plastiki na alama ya mfereji ardhini ambayo mgeni asingeitambua. Nilimwendea meku mmoja, jirani, nikamuuliza jina lake. Akafikiri sana. Akasema, "Bibi yako ndiye alikuwa analijua. Ungemuuliza yeye."

Kuna mzee mwingine upande wa juu wa Kidia wananiambia huenda anakumbuka. Ana umri mkubwa, na masikio yanamsumbua. Nimeshaomba ruhusa kazini, napanda wiki ijayo. Ninyi wenzangu, wazee wenu wako wapi?