Mkono wa Mkunga na Kadi ya Kliniki

Mzazi wa pwani yetu, awe wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, na awe amejifungua nyumbani kwa mama yake au katika hospitali kubwa yenye madaktari na mitambo, aghalabu hutiwa, siku chache baada ya kuzaa, mikononi mwa bibi mmoja mtu mzima asiyekuwa na cheti wala koti jeupe, lakini ambaye neno lake katika nyumba ile, kwa muda wa siku arobaini, hushinda neno la mwenye nyumba. Bibi huyo, mkunga wa jadi, huchemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda mzazi kiuno, mapaja na tumbo. Humchua kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Kisha humfunga mkaja na kumwamrisha anywe uji wa pilipili manga hata kama hautaki. Heshima ya kazi hiyo ni kongwe hata imeingia katika ada za ndoa, kwani mkaja anaopewa mama wa bibi harusi ni kumbukumbu ya tumbo lililofungwa siku alipomzaa binti yake.

Waliosoma huidharau desturi hii, na wasiosoma huitukuza kupita kiasi. Nami naona kuwa pande zote mbili zimekosa insafu, na kwamba madhara yanayowapata wanawake wetu kwa sababu ya kuchuliwa matumbo hutokana zaidi na ukimya uliopo kati ya mkunga na kliniki kuliko uovu wowote wa mkono wenyewe.

Kuchua mwili hakuna ushirikina ndani yake. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, ambaye kitabu chake cha Kanuni kilisomeshwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu na za Ulaya, aliugawa mchuo kwa aina zake, akaeleza kuwa ule wa nguvu hukaza mwili na ule wa pole huulegeza. Hata katika wodi ya wazazi, muuguzi akiona damu inamtoka mzazi kupita kiasi, moja ya mambo ya kwanza afanyayo ni kuweka mkono juu ya tumbo na kulisugua mpaka kizazi kijikaze, maana kizazi kilicholegea ndicho sababu iliyo kubwa ya damu hiyo. Tumbo la chakula nalo lina hoja yake. Utumbo mpana hupanda upande wa kulia, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka. Na bibi anayemchua mjukuu aliyefunga choo, akizungusha kiganja kwa kufuata mzunguko huo, hakusoma elimu ya viungo popote, lakini mkono wake umeshika njia iliyo sahihi. Endapo hakuna homa, matapishi wala maumivu makali, sioni kwa nini daktari achukie jambo lisilo na gharama wala sumu.

Mambo hubadilika pale tumbo linapokuwa na mtoto. Wakunga wetu husifiwa sana kwa ustadi wa kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio, na mama akiambiwa na jirani kwamba mtoto kakaa vibaya, huenda kuchuliwa hata kama mimba ni ya miezi sita au saba tu. Basi na ijulikane kwamba katika wiki ya 28 yapata robo ya watoto wote huwa wametanguliza makalio, na ufikapo wakati wa kuzaliwa hubaki kama 3 au 4 tu katika kila 100, kwa kuwa wengine wote wamejigeuza wenyewe pasipo msaada wa mtu. Kwa hiyo mkunga aliyemgeuza mtoto wa miezi saba amepewa kanga na shukurani kwa kazi ambayo, mara nyingi, mtoto angeifanya bure. Hospitali nazo hugeuza, lakini husubiri mpaka wiki ya 36 au 37, hutazama kwanza kwa mtambo kondo la nyuma lilipo, husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, na hufanya hivyo karibu na chumba cha upasuaji. Na pamoja na hadhari zote hizo, hufaulu kwa kadiri ya nusu ya wanawake tu. Mkono unaosukuma kwa nguvu pasipo kujua kondo liko wapi waweza kulibandua, na kondo likibanduka mama na mtoto wote wawili huwa katika hatari ya mauti.

Lipo pia lile ambalo akina mama huliita chango. Ndani ya jina hilo hutiwa maumivu ya hedhi, kutoshika mimba, mimba kuharibika, na uzito usioeleweka chini ya kitovu, na dawa yake, pamoja na mizizi ya kuchemsha, ni kuchuliwa. Sikatai kwamba maumivu ya hedhi hutulia chini ya kiganja chenye joto. Walakini nyuma ya jina hilo moja huweza kujificha uvimbe wa kizazi, maradhi ya mirija, au mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hakuna kiganja, hata kiwe na baraka namna gani, kiwezacho kuua vijidudu vilivyomo ndani ya mrija. Mwanamke aliyekosa siku zake, kisha akashikwa na maumivu makali upande mmoja na kizunguzungu, kumkanda ni kumpotezea saa ambazo maisha yake yanazihitaji, na pengine ni kuupasua mrija wenyewe.

Jambo ambalo nalifikiri zaidi, na ambalo sisikii likizungumzwa, ni hili la upasuaji. Ilimu ya mkunga ilikua kwa karne nyingi katika matumbo yasiyopata kuguswa na kisu. Bibi zake hawakumrithisha hukumu ya mzazi aliyeshonwa, kwa kuwa zamani mzazi wa namna hiyo alikuwa hayupo. Leo yupo katika kila mtaa, naye hurejea nyumbani akiwa na kidonda kilichofunikwa bandeji, akakuta maji yamechemka na ndugu wote wamekusanyika kumsubiri. Nani atamwambia bibi kwamba tumbo hili lina sharti jingine, kwamba kiuno na miguu vyaweza kukandwa kwa maji ya vuguvugu lakini kidonda kiachwe, na kwamba mkaja usikazwe mpaka mama akashindwa kuvuta pumzi? Binti hathubutu kumwambia mkubwa wake. Muuguzi aliyemruhusu hospitalini asubuhi ile, kwa wingi wa kazi, alimpa tarehe ya kurudi na vidonge basi.

Sina haja ya kuwakumbusha wasomaji faida za hospitali. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104. Na katika huo wa pili kama wanawake 8 kati ya 10 walikuwa wamejifungulia katika vituo vya afya. Lakini kituo humwona mama kwa siku mbili, mkunga humwona kwa arobaini. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, imewatambua waganga wetu na kuwawekea Baraza lao, ila kutambuliwa kwa karatasi hakujawafikisha wakunga hawa mbele ya muuguzi wa zamu. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linapendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8 kwa uchache. Katika mara zote hizo ataulizwa habari za chandarua, damu na mkojo, na aghalabu hataulizwa iwapo yuko mtu anayemchua tumbo.

Naiomba wizara ya afya iongeze swali hilo katika kadi ya kliniki, liulizwe kwa upole pasipo kejeli, kwa kuwa mama akichekwa mara moja hatajibu tena. Na mama mwenye kidonda cha upasuaji, siku ya kuruhusiwa, aitwe pamoja na bibi atakayemkanda, waambiwe wote wawili kwa pamoja. Ama wewe msomaji ambaye una mke, dada au binti anayekaribia kujifungua, mtafute mapema huyo bibi, umpeleke kliniki aonane na muuguzi kabla maji hayajabandikwa jikoni.